Muuzaji bora kapewa umeneja, duka linayumba. Uongozi unafundishika kweli?

#1 Ngosha wa Saruji
Wakuu habari za jioni. Nina hoja, nipingeni kwa hoja.

Kaka yangu anauza vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Duka lake la Buhongwa alikuwepo kijana mmoja, muuzaji hatari. Mteja anaingia kuulizia misumari, anatoka na bati. Mafundi wote wa kule wana namba yake. Mwaka jana kaka akafungua tawi la pili, akampa kijana umeneja: mshahara juu, funguo, na wenzake wanne awasimamie.

Sasa tawi linayumba. Mauzo siyo mabaya, ila saruji inaganda stoo kwa sababu mzigo mpya unatoka kabla ya wa zamani, wafanyakazi wawili wameacha kazi, daftari la madeni halisomeki, na jioni wakifunga hesabu hawakosi shoti, yaani upungufu. Yeye mwenyewe yupo kaunta muda wote anauza! Ukimpigia kuulizia ripoti anakujibu "bosi nina mteja".

Shemeji anasema apelekwe kozi. Mimi nasema uongozi mtu anazaliwa nao, kozi ni kutupa hela. Mnasemaje?

#2 Chakarika
Siti ya mbele, kashata mkononi.

#3 Binti Pangani
Mleta mada umeeleza vizuri mlichompa: mshahara, funguo, watu wanne. Hujasema nani alikaa naye akamwonyesha namna ya kupanga zamu, kupokea mzigo na kufunga hesabu. Kuuza alijifunza kwa miaka, akiwa na wakubwa zake pembeni. Umeneja mlitaka aamke nao asubuhi ya kukabidhiwa funguo. Kabla hujasema haufundishiki, kwanza mngemfundisha.

#4 Kamba Mbili
Swali dogo kwa Ngosha. Alipokuwa muuzaji alikuwa na kamisheni? Na sasa?

#5 Ngosha wa Saruji
Kamisheni anayo mpaka leo, kwa mauzo anayofanya yeye. Mshahara wa umeneja umekuja juu yake.

#6 Kamba Mbili
Hahahaha mods fungeni uzi. Mnamlipa auze, anauza, halafu mnakuja kulia huku. Kamisheni yake ihesabiwe kwa tawi zima, mkishatoa shoti na mifuko iliyoganda. Wiki ijayo utamkuta stoo anahesabu mwenyewe bila kozi yoyote.

#7 HR Mstaafu
Kamba Mbili una nusu ya jibu, ila tatizo huwa linaanza kabla ya mshahara. Linaanza kwenye kuchagua.

Mkanada mmoja, Laurence Peter, alilisema mwaka 1969 kwa kejeli: mtu hupandishwa cheo kwa kazi aliyoiweza, tena na tena, mpaka afike kwenye kazi asiyoiweza, na hapo ndipo anapogota. Watu wakacheka. Miaka hamsini baadaye wachumi watatu, Benson, Li na Shue, walichambua kumbukumbu za wauzaji kwenye kampuni zaidi ya 100 za Marekani. Wakakuta muuzaji anayeongoza kwa mauzo ndiye mwenye nafasi kubwa ya kupewa umeneja, na akishapewa, mauzo ya walio chini yake yanashuka kuliko ya meneja ambaye hakuwa nyota. Waliofanya vizuri zaidi kwenye umeneja ni wale waliokuwa wamezoea kuuza kwa kushirikiana na wenzao.

Kwa hiyo Ngosha, duka la Buhongwa kulikuwa na mtu ambaye wenzake wakikwama na mteja wanamwita yeye? Huyo ndiye mlipaswa kumtazama. Nyie mlitazama karatasi ya mauzo.

#8 Ngosha wa Saruji
Yupo dada mmoja wa stoo, mpole sana. Hata yule kijana mwenyewe akikwama bei ya nondo alikuwa anamuuliza yeye. Ila hana sauti ya uongozi.

#9 Mama Twins
"Hana sauti ya uongozi." Nitarudi hapa, nikimaliza kuosha vyombo.

#10 Mzee wa Gerezani
Vijana mnahangaika na Wamarekani wakati Kariakoo shule ipo miaka yote. Mimi ni wa spea. Kwetu kijana anaanza kwa kushusha mzigo na kupanga boksi mpaka azijue namba za vifaa kwa kichwa. Kisha stoo. Kisha kaunta, ila pesa hashiki. Kisha anatumwa benki. Kisha anapewa kusimamia wenzake siku ambazo mwenye duka hayupo. Funguo ni mwisho kabisa. Wahindi walifanya hivyo na watoto wao wa kuwazaa, sembuse mtoto wa mtu.

Jirani yangu alimsomesha mwanawe nje, shahada ya pili ya biashara. Kijana karudi na programu ya kompyuta ya kuhesabu stoo. Nzuri kweli. Wazee wa dukani wakamwitikia "sawa bosi", wakaendelea na daftari lao chini ya kaunta. Hesabu zikawa mbili na hakuna inayolingana na boksi zilizopo. Baba akamwambia aache kompyuta kwanza, kila kontena likija awe yeye anayesimama mlangoni na kalamu kuhesabu pamoja na wabebaji. Alipozijua bidhaa, wazee wenyewe wakaanza kumuuliza kompyuta inasemaje.

#11 Dogo wa Mwaka wa Pili
Shikamoo Mzee wa Gerezani. Mimi nipo chuo hapa Dar, nasoma biashara, mwaka wa pili. Nadharia tunameza na kutema kwenye mtihani. Mazoezi kwa vitendo tunatumwa kampuni fulani, unaishia kutoa kopi na kununua chapati za ofisi. Sasa mtu kama mimi ambaye baba hana duka la spea ajifunzie wapi kuongoza watu kabla ya kuajiriwa?

#12 Mzee wa Gerezani
Marahaba mwanangu. Njoo likizo ushushe mzigo, chakula cha mchana kipo.

#13 Binti Pangani
Dogo, kazi za vikundi unazifanyaje? Mkipewa kazi ya watu saba, anayeifanya ni nani?

#14 Dogo wa Mwaka wa Pili
Mimi na mwenzangu mmoja. Wengine tunaandika majina yao tu 😂 Ukiwasubiri mnapata sifuri.

#15 Binti Pangani
Basi shule ya umeneja ni hiyo, na unaitoroka kila muhula. Yule kijana wa Ngosha anafanya hivyohivyo: wenzake hawawezi, ngoja niuze mwenyewe. Kazi ijayo igawe vipande, kila kipande kiwe na jina na siku ya kuletwa, halafu siku mbili kabla umfuate kila mtu umuulize kakwama wapi. Asiyeleta, jina lake lisiingie. Utamwambia usoni, na keshokutwa mtakaa naye meza moja kantini. Hicho ndicho kigumu. Kuandika mpango mkakati kila mtu anaweza.

#16 Chakarika
Binti Pangani unataka dogo akose mtu wa kumwazima noti.

#17 Mkaa Lodge
Naomba niingie kwa upande mwingine. Wote mnaongelea kuongoza watu, huyo kijana hajaweza kujiongoza yeye. Peter Drucker aliandika tangu 1967 kwamba meneja asianze na mipango, aanze kwa kujua muda wake unaenda wapi, na asitegemee kumbukumbu, aandike.

Nasimamia lodge ndogo Moshi. Nilikuwa nalala hoi na kazi za maana hazijaguswa. Nikachukua daftari la shule, kila nikibadilisha shughuli naandika saa. Kilichokula siku yangu ni funguo ya stoo. Sabuni, sukari, taulo, balbu, kila kitu "meneja njoo utufungulie". Dakika chache chache, ila nilikuwa sikai nikamaliza hata barua moja. Tulichobadilisha ni kwamba saa moja asubuhi kila idara inachukua mahitaji ya siku, wa jikoni anasaini chake, wa vyumbani anasaini chake, stoo inafungwa. Upungufu wa sukari nao ulipungua, kwa sababu sasa sahihi ilikuwa ya mtu mmoja.

#18 Fundi Mitambo
Sawa Mkaa Lodge, lakini wewe mwenye lodge alikuachia ubadilishe. Mimi nimekuwa msimamizi wa zamu kiwandani. Namkataza opareta kuendesha mashine bila kinga ya mkanda, opareta anampigia mkurugenzi, ni wa kijijini kwake, mkurugenzi ananipigia: "muache kijana afanye kazi." Kesho yake namwambiaje?

Ngosha naomba ukweli wako. Kaka yako akitaka kujua mambo ya tawi anampigia meneja, au anawapigia wale wanne?

#19 Ngosha wa Saruji
Anawapigia wote. Lakini ni pesa yake mkuu, lazima ajue kinachoendelea.

#20 Fundi Mitambo
Nilijua tu. Hapo hakuna meneja, kuna kijana mwenye funguo na bosi mwenye vocha.

#21 Kamba Mbili
Mnamtetea sana. Shoti kila jioni ni wizi. Yeye na hao waliobaki wafukuzwe leoleo, aanze na watu wapya.

#22 HR Mstaafu
Kamba Mbili, kwa ushauri huo utamuuzisha mtu duka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali NA utaratibu wa haki. Hata tuhuma ikiwa wizi, unachunguza, unamwandikia tuhuma, unampa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, anasikilizwa akiwa na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi, ndipo unaamua. Ukimtoa kwa simu ana siku 30 za kupeleka shauri CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na nimeona waajiri wakishindwa pale wakiwa na ushahidi wa wizi mkononi, kwa sababu ya utaratibu tu.

Haya nayo ni maarifa ya meneja. Saa za kawaida ni 40 kwa wiki, zinazozidi zinalipwa. Je, hao walioacha kazi walikuwa wanafunga saa ngapi?

#23 Karani Mkuu
HR Mstaafu umeteleza. Ni saa 45 kwa wiki, siku haizidi saa 9. Zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu, na hazitakiwi kuvuka 50 ndani ya wiki nne.

#24 HR Mstaafu
45, sahihi. Asante.

#25 Baharia wa Kibokoni
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 41 yasema hivyohivyo: kabla ya kumfuta mtu lazima umweleze makosa yake kwa lugha anayoielewa, na mwenzake awepo pale. Meneja wengi hawayajui haya mpaka wafike kortini, wakiwa washalipa wakili.

Lakini Mzee wa Gerezani, huo mfumo wenu wa kubeba boksi kwanza una dosari. Hapa twajua vijana waliobeba miaka na miaka na funguo hawakupewa. Ulikuwa mfumo wa kumlea mtoto wa mwenye duka. Wengine ilikuwa kazi ya bei rahisi tu.

#26 Mzee wa Gerezani
Baharia hapo umenikaba. Ni kweli, wapo. Ila waliotoka pale ndio wenye fremu zao leo. Hawakupewa funguo, wakaenda kukata zao.

#27 Mtu wa Ujamaa
Hakuna jipya. Azimio la Arusha lilishasema kiongozi asiwe na majivuno wala dharau kwa anaowaongoza. Tungelifuata, mameneja wetu wangekuwa na adabu.

#28 Karani Mkuu
Mzee, hiyo ya majivuno na dharau ni Mwongozo wa TANU wa 1971, ibara ya 15. Azimio la 1967 lilikuwa na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asipangishe nyumba, asiwe na mishahara miwili. Ni mambo mawili tofauti.

#29 Mtu wa Ujamaa
Sawa kijana, umesoma. Basi ngoja niiweke vizuri. Mwongozo ulipotoka, wafanyakazi viwandani waliusoma kuliko mameneja. Miaka ile ya mwanzo ya sabini meneja anayetukana watu alikuta geti limefungwa na yeye yupo nje. Kuna waliojifunza uongozi kwa njia hiyo, kwa kasi kweli.

#30 Chakarika
Yaani opareta wa Fundi Mitambo angekuwa na ibara ya 15 mfukoni 😂

#31 Mama Twins
Nimerudi. Ngosha, "hana sauti ya uongozi" uliipima wapi?

Nasimamia duka la mbao na vifaa, vijana saba, wote wanaume. Mteja akiingia ananipita, anamfuata kijana wa kupakia: "bosi, bei gani hii?" Kijana anamwelekeza kwangu. Mwanzo na mimi niliambiwa nikaze sauti. Sikukaza. Nilichofanya, kila asubuhi kabla ya kufungua tunasimama dakika chache: jana tuliuza nini, kipi kimeisha, nani leo anaondoka mapema na kwa sababu gani. Mwenye tatizo la nyumbani analisema pale, siyo saa nne wakati gari la mzigo limefika. Anayekosea namwita pembeni, na faini kwenye mshahara sikati, kwa sababu ukimkata mtu anakurudishia kwa mlango wa nyuma. Huyo dada wa stoo anayeulizwa bei ya nondo na nyota wenu tayari anaongoza, tofauti ni kwamba halipwi.

#32 Kamba Mbili
Sentensi ya mwisho naikubali kwa sababu ina neno kulipwa.

#33 Dogo wa Mwaka wa Pili
Mama Twins hicho kikao cha asubuhi nakiiba kwa kikundi changu. Halafu wakuu, mhadhiri alituambia Google mwaka 2008 walianza kuchunguza kama mameneja wana faida yoyote, wengi pale wakiamini hawana. Wakakuta wanayo, na sifa iliyotajwa juu kabisa ni meneja kuwa kocha mzuri wa watu wake. Ujuzi wa kompyuta ulikuwa chini kwenye orodha.

#34 Chakarika
Google wanakopesha mafundi?

#35 Karani Mkuu
Chakarika umetania lakini umegusa kitu. Ngosha, shoti yenu ni ya pesa au ya mzigo?

#36 Kamba Mbili
Mimi nishasema. Muuzaji anampa mteja namba yake ya simu badala ya lipa namba ya duka. Mchezo wa kawaida, mjini kote upo.

#37 Karani Mkuu
Ukiuchezea hivyo hauandiki mauzo, kwa hiyo pesa ya droo inalingana na daftari kama kawaida. Kinachopungua ni mzigo, na hugundui mpaka uhesabu stoo. Ndiyo maana nauliza.

#38 Ngosha wa Saruji
Nimempigia kaka. Ni ya pesa. Mauzo yameandikwa, pesa haitimii.

#39 Karani Mkuu
Basi kabla hamjamwita mwizi, kaeni na lile daftari la madeni lisilosomeka. Kijana ana urafiki na mafundi wote. Fundi anachukua mifuko kumi, "tajiri wangu analipa Ijumaa", kijana anaiandika kwenye mauzo ya leo kwa sababu mzigo umetoka. Jioni pesa haipo. Ijumaa fundi analipa nusu, ile nusu inaingia kwenye mauzo ya Ijumaa au inaziba shoti ya Alhamisi. Mwezi ukiisha hakuna binadamu anayeweza kufumbua. Akiwa muuzaji hili halikumhusu, kulikuwa na mtu mwingine wa kusema hapana. Sasa wa kusema hapana ni yeye, kwa watu waliomfanya awe nyota.

Mwambieni mauzo ya mkopo yawe na kitabu chake, yasiguse hesabu ya pesa taslimu, na kila fundi awe na kiwango ambacho hakivuki.

#40 Binti Pangani
Na hilo linafundishika kwa mchana mmoja. Narudia nilichosema #3.

#41 HR Mstaafu
Kuandika kitabu kunafundishika. Kumwambia rafiki hapana sina hakika.

#42 Fundi Mitambo
Na fundi akikataliwa akampigia kaka mtu, kaka akasema "mpe"?

#43 Ngosha wa Saruji
Nimesoma yote. Kaka anasema madeni ya mafundi yapo kweli, na kuna ambayo aliyaruhusu yeye kwa simu, hiyo alikuwa hajaniambia. Anataka kumrudisha kijana kuwa mkuu wa mauzo, na dada wa stoo apewe tawi kwa majaribio.

#44 HR Mstaafu
Msimshushe cheo wala mshahara kwa mdomo. Kaeni naye, mkubaliane kwa maandishi, asaini. Vinginevyo mtajuana CMA.

#45 Kamba Mbili
Na dada alipwe umeneja tangu siku ya kwanza. Majaribio bila pesa ni kumtumia.

#46 Mama Twins
Kaka afute kwanza namba za wafanyakazi wa tawi kwenye simu yake.

#47 Mzee wa Gerezani
Ngosha hiyo saruji imewekwa chini kwenye sakafu? Iinueni juu ya mbao, iache nafasi na ukuta, na mfuko uandikwe tarehe kwa chaki siku unapoingia. Ikivuka miezi mitatu kwenye unyevu wa ziwa hapo, mtauza mawe.

#48 Ngosha wa Saruji
Ipo sakafuni mzee, na imegusa ukuta.

#49 Chakarika
Huyo wa kupanga mifuko naye apelekwe kozi?